Mwali wa Ukwajuni

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ng'ombe walijenga nyumba zenye vizingiti na kujigonga pembe kila wakiingia, palikuwa na kijiji kikiitwa Ukwajuni. Msiniulize kiko wapi. Nikianza kuelekeza njia hatutafika kwenye hadithi. Na wewe wa pembeni, toa kidole puani, hadithi haimo humo.

Kijiji kiliitwa Ukwajuni kwa sababu ya mikwaju. Wazee walisema hapo mwanzo ilikuwa mingi mno, ukitoka kwako mpaka kisimani hupigwi na jua hata mara moja. Lakini wakati wa hadithi yetu mikwaju ilikuwa imebaki mitatu. Mitatu tu! Na yote mikongwe, ina mashimo, ina vidonda, upepo ukivuma inalia kwaaa, kwaaa, kama mlango wa choo cha shangazi yenu.

Kwenye shimo la mkwaju mkubwa kuliko yote aliishi Bi Siwatu Kindi na watoto wake wanne. Alikuwa mdogo, mwembamba, ana mkia kama ufagio mpya na mdomo usiopumzika. Mume wake alivuka mto kutafuta karanga. Alipata karanga, akapata na mke mwingine, hakurudi. Huyo tumwache hukohuko.

Wenye sauti kijijini walikuwa wawili. Wa kwanza Jumbe Manundu, fahali, mwenye nundu kubwa na akili ya kawaida. Wa pili Mzee Kindevu, beberu, ambaye harufu yake ilifika kwenye shughuli kabla yake, ikapewa kiti. Hao walikuwa marafiki wakubwa, na kila mmoja alimwona mwenzake mjinga. Katika hilo wote wawili walikuwa sahihi.

Basi masika moja ikanyesha mvua ya kishindo. Mkwaju mmoja ukalia kwaaa, ukayumba, puuu! Chini! Njiwa aliyekuwa na kiota juu yake akabaki anazunguka hewani anatafuta nyumba.

Bi Siwatu akashikwa na hofu ya kweli. Aliwatazama watoto wake wanne waliolala mkia kwa mkia, akawaza, "Na huu wangu ukianguka, hawa nitawapeleka wapi?"

Akatoka kutafuta mkwaju kijana wa kuhamia. Akaenda juu, akaenda chini. Hakuuona. Akatafuta mkwaju mtoto. Hakuuona. Palikuwa na vikongwe viwili vilivyosimama na kikongwe kimoja kilicholala, basi. Mti wa rika la kati hakuna, wala wa kutambaa hakuna.

"Ajabu!" akasema. "Mbegu mimi mwenyewe nazifukia kila mwaka, na nusu nasahau nilipozifukia. Zinakwenda wapi?"

Akakaa juu ya tawi akachunguza. Mvua zilipokolea, miche ikaota kila mahali, vijimajani vidogo vya kupendeza. Bi Siwatu akapiga makofi. Mara akapita Jumbe Manundu anawaza mambo ya utawala. Kwacha! Miche mitatu. Akapita Mzee Kindevu. Nyaku, nyaku, nyaku! Wakapita kondoo, wengi, wanasukumana, na walichokiacha kwa mdomo wakakimaliza kwa kwato. Kiangazi kilipokatika hapakuwa na mche hata wa dawa.

"Kumbe!" akasema Bi Siwatu. "Miti yetu si tasa. Watoto wake wanaliwa wakiwa wachanga!"

Akashuka mbio mpaka barazani.

"Shikamoo Jumbe. Shikamoo Mzee Kindevu."

"Marahaba," wakajibu, mmoja anacheua, mwingine anatafuna.

"Jumbe, mikwaju inakwisha. Naomba miche michache iachwe ikue."

Jumbe akacheka mpaka nundu ikatikisika. "Inakwisha? Babu yangu alilala chini ya mikwaju. Baba yangu akalala. Mimi nalala kila adhuhuri. Itakwisha vipi?"

"Umewahi kuona mkwaju mdogo?"

"Mdogo?" Jumbe akafikiri, jambo lililomchukua muda. "Hapana."

"Kwa nini hujauona?"

"Labda mikwaju siku hizi haizai. Mambo ya dunia." Akamgeukia mwenzake. "Kindevu, wewe umewahi kuona mkwaju mdogo?"

"Sijawahi hata siku moja," akasema Mzee Kindevu, na jani la mkwaju mdogo likamdondoka ndevuni. Akaliokota akalila.

"Hilo hapo unalotafuna ni nini?" Bi Siwatu akauliza.

"Hili? Hili ni mboga."

Wakacheka, hahaha, mehehehe! Bi Siwatu akaondoka na hasira. Alilia njiani, nawaambia ukweli, maana si kweli kwamba wajanja hawalii. Alipomaliza kulia akapangusa pua kwa mkia, akaanza kufikiri.

Sasa sikilizeni. Pale Ukwajuni walikuwa na desturi ya mwali. Msichana akivunja ungo hufungiwa ndani, analishwa, anafundwa na kungwi wake, haonekani na mwanamume yeyote mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kwingine anakaa mwezi. Kwingine anakaa mpaka watu wanasahau sura yake. Na mwanamume akithubutu kuchungulia, wanawake humtungia wimbo, wakauimba kisimani, jikoni na arusini, mpaka anahama kijiji. Ng'ombe anaweza kuvumilia fimbo. Wimbo wa wanawake hakuna anayeuvumilia.

Masika iliyofuata, nyuma ya ule mkwaju mkubwa, kwenye kibonde chenye unyevu, ikaota miche tisa. Bi Siwatu na wanawe wakafanya kazi siku nzima bila kula. Wakaizungushia miche ile vijiti vya miiba, wakatundika kitambaa chekundu juu ya ufito. Kisha Bi Siwatu akapanda juu akaachia kigelegele.

"Lililililiiii! Lililililiiii!"

Kijiji kizima kikakimbilia huko, Jumbe Manundu mbele.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna mwali, Jumbe."

"Mwali? Mtoto wako?"

"Si wa kumzaa. Nimeletewa nimlee. Ametoka mbali, ukoo mkubwa."

Masikio ya Jumbe yakasimama. "Ukoo mkubwa kiasi gani? Ana nundu?"

"Ala! Jumbe mzima unaniuliza umbo la mwali?"

"Hapana, hapana! Nauliza tu." Lakini kichwani mwake Jumbe alishamwona ndama mweupe, mpole, mwenye nundu laini na macho ya kusinzia.

Mzee Kindevu akasogea kwa siri. "Bi Siwatu, niambie mimi. Ana kidevu?"

"Mzee Kindevu! Nitaita wanawake waanze kutunga."

"Basi, basi, mama!" Na yeye akaondoka na mbuzi wake kichwani, kijana, mwenye kidevu cha kuvutia. Yaani kila mmoja alimchumbia mwali aliyemtengeneza mwenyewe. Bi Siwatu hakuhitaji hata kudanganya sana.

Siku ya pili Jumbe akaja peke yake, amepaka pembe mafuta.

"Bi Siwatu, nimekuja kwa heri. Nataka kuposa."

"Karibu, mkwe wangu. Lakini desturi unaijua. Mkwe hali kitu nyumbani kwa mama mkwe. Hata jani."

"Hata jani?"

"Hata jani la pembeni. Aibu yake nzito."

Jumbe akatazama majani yaliyochungulia katikati ya miiba, akameza mate. "Desturi ni desturi," akasema.

"Tena ua wa mwali wenyewe dhaifu, mkwe. Watoto wangu wana mikono midogo. Tukipata mtu mwenye nguvu, mwenye pembe..."

Hakumaliza. Jumbe akaenda kwenye migunga, akavunja matawi ya miiba kwa pembe, krasha, krasha, akayaburuta mpaka uani. Jioni ua ulimfika kifuani.

Asubuhi akaja Mzee Kindevu, naye kwa siri, naye kaposa, naye kaambiwa ya mkwe na jani. Akaona ule ua mpya.

"Nani kajenga?"

"Kuna mtu anampenda mwali," akasema Bi Siwatu, akaangalia pembeni.

Mzee Kindevu akaleta miiba mara mbili ya ile. Jumbe akaona, akaleta mara tatu. Wakashindana hivyo mwaka mzima, mpaka ua ukawa mnene wa kumzuia hata kifaranga. Walipokutana barazani walisalimiana kwa upole, kila mmoja ana mwiba puani, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umetoka wapi.

Ila Mzee Kindevu uvumilivu haukuwa fani yake. Adhuhuri moja akajinyatia, akasukuma pua katikati ya miiba.

"Nani anachungulia?" sauti ya Bi Siwatu ikatoka juu.

"Ni... ni upepo!"

"Upepo una ndevu?"

"Mee-e-e!" Miiba ilishika ndevu, Mzee akavuta, miiba ikavuta. Alipojitoa, nusu ya ndevu ilibaki uani. Kwa miezi miwili watu walimwita Mzee Kidevu, na yeye akawaambia amenyoa kwa sababu ya joto.

Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mle ndani miche ikawa na vijiti vya maana, inamfika Bi Siwatu juu ya kichwa akisimama. Kila asubuhi alizunguka kuiamkia mmoja mmoja. Alikuwa ameanza kulala usingizi mzuri.

Mwaka wa tatu, siku ambayo Bi Siwatu alikwenda kisimani, mke wa Mzee Kindevu akapita. Huyu aliitwa Bi Kidawa, mbuzi mwenye macho makali ambaye hajawahi kuamini kitu bila kukionja. Akaona pengo dogo uani.

"Mimi ni mwanamke," akajisemea. "Mwanamke hakatazwi kumwona mwali. Hodi! Mwali, hodi!" Akajipenyeza.

Bi Siwatu aliporudi alikuta kitu gani? Bi Kidawa kasimama katikati ya ua, jani limening'inia mdomoni. Mche mmoja haupo kabisa. Umebaki kisiki cha urefu wa kucha.

Mtungi ukamponyoka Bi Siwatu. Paa!

"Kumbe ndiye mwali huyu?" akasema Bi Kidawa. "Mtamu, shoga yangu. Mchachu kidogo, lakini mtamu."

Bi Siwatu akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika. "Kula yote," akasema kwa sauti ndogo. "Malizia. Kisha siku mti wangu ukianguka, uje unisaidie kuwafukua wanangu."

Bi Kidawa akaacha kutafuna. Alikuwa mlafi, hakuwa mbaya, na kuna tofauti. Lakini mbuzi ni mbuzi, hata shingo yake ilishageukia mche wa pili.

"Pole, shoga, lakini hii ni miche tu," akasema. "Nitakwenda kumwambia mume wangu hapa hapana mwali, hapa pana mboga."

Bi Siwatu akainua kichwa. Masikio yakamsimama, tik!

"Kweli kamwambie," akasema. "Mwambie ile miiba aliyobeba miaka mitatu ilikuwa ya bure. Maskini, na alivyokuwa amejipanga kukuletea mke mwenza."

Jani likadondoka mdomoni mwa Bi Kidawa.

"Amejipanga kuniletea nini?"

"Hakukwambia? Ameposa. Tena alisema mwali atapewa kile chumba chako chenye dirisha, wewe uhamie kule kwa kuku."

"Kindevu?"

"Kindevu."

"Huyu huyu Kindevu wangu ambaye usiku wa mvua namfunika mimi?"

"Huyo. Na zile ndevu hakunyoa, shoga. Njoo nikuonyeshe zilipo."

Alipoziona ndevu za mumewe kwenye miiba, Bi Kidawa akapumua kwa pua, fwuu, fwuu, kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu nisingependa kuolewa na mwenye nalo.

"Shoga," akasema, "huyu mwali bado mdogo sana. Asitolewe leo wala mwakani. Wacha mume wangu abebe miiba. Na kiangazi je, kwa nini habebi maji?"

Kuanzia hapo wanaume wakabeba na maji. Jumbe mtungi kwenye pembe, Kindevu mtungi mgongoni, kutoka kisimani mpaka uani, choboko, choboko, jua kali. Wake zao wakikaa vizingitini wanawapongeza. Maana Bi Kidawa alishawaambia wanawake wote, ng'ombe kwa kondoo, na siri ile ilitunzwa vizuri kuliko siri yoyote ya Ukwajuni, kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Mwaka wa tano kukatokea shida nyingine ambayo Bi Siwatu hakuitegemea. Ndani ya ua, pasipoingia mdomo wa mtu, nyasi zikaota zikampita Bi Kidawa pembe. Panya wakahamia humo kwa furaha, wakaanza kuguguna magome ya miche yetu minane, kegu, kegu. Halafu kiangazi kikaja, nyasi zikakauka, na kwenye kilima cha pili moto ukapita ukala kila kitu. Bi Siwatu akaona moshi ule akatetemeka mpaka mkia.

"Nimefunga mno," akamwambia Bi Kidawa. "Cheche moja tu ikitoka jikoni kwa mtu, mwali wetu ni majivu. Nahitaji midomo."

"Midomo?" Bi Kidawa akacheka. "Miaka mitano unaikimbia midomo, leo unaitaka?"

"Naitaka kwa wakati wangu. Mvua za kwanza, nyasi ziwe laini kuliko majani ya mti. Waingie ng'ombe na kondoo wa kike tu. Siku tatu, watoke. Na vichwa chini! Atakayeinua kichwa namtoa."

"Na mimi je?"

"Wewe, shoga yangu, nakupenda. Lakini wewe ni mbuzi."

Bi Kidawa hakukasirika, maana alijijua. Akasema, "Nifungeni mdomo nikae mlangoni." Wakamfunga kikapu kidogo mdomoni, akakaa mlangoni kama askari. Wanawake wakaingia kwa adabu, vichwa chini, wakala nyasi, wakakanyaga mashimo ya panya, wakatoka siku ya tatu. Na nyumbani kwa Mzee Kindevu siku tatu hizo hapakusikika neno hata moja. Mzee alidhani mkewe amebadilika tabia, akamshukuru Mungu.

Masika ya saba ule mkwaju mkubwa ulianza kulia asubuhi. Kwaaa. Kwaaaaa. Bi Siwatu akawaamsha watoto, "Tokeni! Tokeni wote!" Wa mwisho alikuwa bado hewani mti ulipolala chini, puuuuu! Mikwaju ikabaki mmoja, na ule mmoja wiki hiyohiyo ukagawanyika katikati na kufa umesimama.

Basi Ukwajuni ikawa haina mkwaju. Mvua zikakatika. Jua likashuka juu ya kijiji kizima, halina wa kulizuia. Jumbe Manundu akawa analala adhuhuri chini ya ukuta wa nyumba yake, nusu ndani ya kivuli, nusu anaiva. Ndama wake mdogo alianguka kwa joto njiani kutoka kisimani, wakamwagia maji ndipo akafumbua macho. Siku hiyo Jumbe hakucheka na mtu.

Ndipo Bi Siwatu akatangaza, "Ijumaa, mwali anatolewa!"

Jamani! Kanga walipiga ngoma tangu asubuhi, tindi-tindi ti, tindi-tindi ti. Jumbe Manundu kaja na pembe zinang'aa. Mzee Kindevu kaja na ndevu zimechanwa, amejipaka kitu fulani ambacho hakikusaidia. Wakakutana mbele ya ua.

"Jumbe umefuata nini?"

"Nimefuata mchumba wangu. Na wewe?"

"Mchumba wako nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja akaona makovu ya miiba puani mwa mwenzake, na polepole sana, kama maji yanavyopanda chooni, wakaelewa.

Kabla hawajarukiana, Bi Kidawa akasukuma mlango wa miiba. "Karibuni. Mwali huyo!"

Wakachungulia. Mikwaju minane! Imesimama wima, mashina ya unene wa mkono wa mtu mzima, vilele juu kuliko paa, majani yanacheza. Na chini yake kivuli, kivuli cha kweli, kina ubaridi wake.

"Mwali yuko wapi?" akauliza Jumbe.

"Huyo," akasema Bi Siwatu kutoka juu ya tawi. "Wako wanane. Chagua."

Wanawake wakaangua kicheko. Kondoo mmoja alicheka mpaka akakaa. Wakaanza na wimbo, maana walikuwa wameutunga miaka minne iliyopita:

*Kabeba miiba, kabeba maji,*
*mchumba kaota mizizi!*
*Mee-e kachungulia, kaacha ndevu,*
*mchumba kaota mizizi!*

Mzee Kindevu akapiga kelele, "Nitakula! Nitawala wote wanane!" Akasimama kwa miguu ya nyuma, akanyoosha shingo, akanyoosha ulimi, akanyoosha na vitu vingine ambavyo havisaidii. Vilele vilikuwa mbali. Lakini matawi ya chini aliyafikia, na ulimi ukagusa jani la kwanza.

Jumbe Manundu yeye akainamisha kichwa, akakwaruza ardhi kwa kwato, krrr, krrr. Kicheko kikakatika. Shina la mkono mmoja kwa pembe za Jumbe ni kitu gani? Angesukuma mara nane tu na miaka saba ingelala chini. Watoto wanne wa Bi Siwatu walikuwa juu ya mti wa kwanza, wamekumbatia tawi.

Bi Siwatu akashuka. Ndiyo, akashuka! Akasimama ardhini, mbele ya shina, mbele ya zile pembe, mdogo kuliko kwato moja. Mkia ulikuwa unatetemeka, lakini sauti hapana.

"Jumbe," akasema kwa sauti ya watu wote, "kabla hujasukuma, nijibu moja tu. Wewe ni mkwe wangu, au wewe ni mjinga wangu?"

"Nini?"

"Kama ni mkwe wangu, basi hii miiba na haya maji uliyaleta kwa heshima, na hapa ni kwa mama mkwe wako, na mkwe havunji wala hali hata jani la pembeni. Kama si mkwe wangu, basi wewe ni yule fahali aliyedanganywa na kindi miaka saba. Sukuma. Ila wimbo una beti nyingine kumi."

"Kumi na mbili," akasema Bi Kidawa.

Jumbe akasimama pale. Alitazama pembe zake mpaka macho yakakutana. Aliwatazama wanawake, ambao walikuwa wamefungua midomo tayari kuimba. Halafu akamwona ndama wake, yule aliyeanguka kwa joto. Ndama alikuwa amepita chini ya miguu ya watu, ameingia ndani ya ua, amelala chini ya mkwaju wa tatu. Anakoroma.

Jumbe akainua kichwa taratibu. Akakohoa.

"Shikamoo, mama mkwe," akasema.

"Marahaba, mkwe wangu."

"Kindevu!" Jumbe akanguruma. "Toa ulimi kwenye jani la watu! Huna adabu? Hapa ni ukweni!"

Mzee Kindevu akarudisha ulimi. Akamtazama mkewe. Bi Kidawa akamwambia, "Mume wangu, kile chumba chenye dirisha nimebaki nacho peke yangu. Kwa kuku kumefagiliwa." Mzee akaenda. Hadithi nyingine zinasema mpaka leo yuko huko, na kuku wameshtaki.

Adhuhuri ile kijiji kizima kililala chini ya mikwaju minane, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyetia jani mdomoni, ingawa walimeza mate sana. Na tangu siku hiyo, kila miche ikiota, Jumbe Manundu mwenyewe huwa wa kwanza kuburuta miiba na kuizungushia. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia kwa majivuno, "Nina wanawali wadogo hapa nyuma, hao bado hawajatolewa." Nyasi zikizidi anawaita ng'ombe na kondoo wa kike waingie siku tatu, vichwa chini. Anasema wazo hilo ni lake, na Bi Siwatu amemwachia, kwa sababu yeye anaishi juu ya mikwaju hiyo na ana nafasi ya kutosha.

Hadithi imefika kwenye kivuli, nami napumzika hapo. Fundisho lake hili: mwenye kutaka kulala chini ya mti kesho, leo auzuie mdomo wake usile mche.